Jina la Mlango Kumi na Saba

Niliandika aya kumi na nne, na sikutia uongo hata mmoja. Ningekuwa nimedanganya japo mahali pamoja, leo ningekuwa na pa kujificha.

Watu wa Kaloleni wananiita Faili. Natengeneza spika. Kibanda changu kiko nyuma ya ukumbi wa mtaa, na sidhani kuna kanisa la mabati kati ya hapa na Makongeni ambalo halijawahi kuniletea amplifaya iliyoungua. Kazi hiyo inanilisha. Kazi ninayoipenda ni ile nyingine, ya kukumbuka. Shule niliiacha darasa la saba, nikamalizia kusoma kwenye magazeti ya kufungia nyama. Namkumbuka kontrakta aliyechimba mtaro mwaka wa 1999 akauacha wazi, na ninalikumbuka jina la mtoto aliyetumbukia. Namkumbuka aliyesimama kwenye baraza akaahidi taa, na shati alilokuwa amevaa. Wakubwa wakija kutuhutubia, vijana wananisukuma mbele. "Faili, wasomee." Nami nawasomea bila karatasi, mpaka mmoja wao anaanza kutafuta funguo za gari.

Miaka ishirini na sita nimewahubiria watu wa mtaa huu jambo moja: lalamiko lisilo na jina, mahali na tarehe ni porojo. Taja mtu. Taja siku. Kama unaogopa kutaja, kaa chini. Nilisema hivyo kwa hasira, nikapigiwa makofi, na makofi si kitu cha kumpa mtu kama mimi mara nyingi.

Msichana niliyemtaja kwenye aya zile nitamwita Asenath. Nimejifunza kubadilisha majina. Nimejifunza kwa kuchelewa. Mamake, Nasambu, anaishi milango mitatu kutoka kwangu na ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Asenath alikuwa amehamia Tassia, chumba kimoja kwenye ghorofa ya nne, ili awe karibu na kiwanda cha nguo alikoshona mifuko ya suruali. Kiwanda gani, sitasema.

Alikuja kibandani tarehe nane Aprili, 2023, Jumamosi ya kabla ya Pasaka, na maiki imefungwa ndani ya soksi.

"Habari ya asubuhi, Baba Ayuma."

"Nzuri. Hii umeitoa wapi?"

"Gikomba. Aliyeniuzia alisema inafanya."

"Alisema inafanya nini?"

Akacheka. "Nataka inishike nikinong'ona. Nikiongea kawaida inakwaruza."

"Siku hizi kwaya mnanong'ona? Mungu amezeeka masikio?"

"Si ya kwaya." Akaangalia nyuma, kuelekea mlango wa mamake. "Na mama asijue, tafadhali."

Ndipo akanieleza. Kwenye ploti yao kuta ni nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuamka kitandani. Keateka, msimamizi wa ploti, mzee anaitwa Kiilu, amepiga marufuku muziki. Ukirudia mara mbili anakuambia utafute nyumba nyingine. Kwa hiyo vijana wa pale wanaingia chini ya blanketi na simu na maiki, na wanarap kwa mnong'ono.

"Chini ya blanketi? Si mtakufa na joto."

"Ndiyo maana nyimbo ni fupi."

Nilitengeneza ile maiki. Waya ulikuwa umekatika shingoni, kazi ya nusu saa. Akanichezea kitu kwenye simu, nikavaa vipokea sauti vyangu vikubwa vya kupimia spika kwa dharau ya mtu aliyezoea sauti za kutikisa mabati. Nikasikia kiberiti cha gesi kikibofywa, mita ya tokeni za umeme ikilia, kijiko kikigonga sufuria, na juu ya hayo sauti kavu, ya chini, karibu sana, kama mtu anayekusemesha foleni ya hospitali asitake wengine wasikie. Hujui ni mwanamume au mwanamke. Dakika moja na kitu, kisha kimya. Nilisema, "Hii si muziki." Kisha nikasema, "Weka tena."

Mtindo huo waliuita Blanketi. Ulianzia kwenye ghorofa zile za Tassia, ukaenda Pipeline, ukaja mpaka huku kwetu, na haukupita redioni hata siku moja. Ulipita kwenye SoundCloud na kwenye chaneli moja ya Telegram ambayo mwanzoni ilikuwa na watu wasiojaza ukumbi wetu. Mwaka uliofuata kulikuwa na vijana wa nchi zenye baridi wanaorekodi chini ya blanketi, huko ambako blanketi lina kazi nyingine. Mimi niliwatengenezea waya na maiki watu saba au wanane wa mwanzo. Walikuja kwangu kwa sababu bei yangu ilikuwa rahisi na sikuwauliza maswali. Hivyo ndivyo nilivyojua nani ni nani.

Maana wao walikuwa na sharti moja. Hakuna jina. Hakuna uso. Kila mmoja alijulikana kwa namba ya mlango wake, basi. Mlango 4. Mlango 31. Asenath alikuwa Mlango 17. Sikulipenda sharti hilo. Nilimwambia siku moja, "Sisi tulisimama na majina yetu, na virungu tukala." Akajibu, "Nyinyi hamkuwa mnarudi kazini kesho yake, Baba Ayuma." Nikaliona ni jibu la mtoto.

Wimbo wake uliovuma unaitwa "Dakika Nne". Pale kiwandani ukienda choo unaweka sahihi kwenye daftari, na una dakika nne kurudi kwenye mashine. Aliurap kwa sauti ya supavaisa, upole wote wa mtu aliyeshika saa:

*Dakika nne, mama, weka sahihi.*
*Ya tano si yako. Ya tano ni barua.*

Wanawake wa viwanda vitatu tofauti walidhani umeimbwa kwao. Waliuimba kwa kufumba midomo wakiwa mashineni, na supavaisa hawezi kumwandikia mtu barua ya onyo kwa kufumba mdomo. Mwimbaji alikuwa ameketi kati yao, laini ya sita, anashona mifuko, na yeye pia amefumba.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, binti yangu Ayuma alinionyesha makala kwenye simu. Jarida la mtandaoni la ng'ambo limeandika habari ndefu kuhusu Blanketi. Kuna picha ya kijana anaitwa Thuo, wa mtaa wa Fedha, ameketi kwenye chumba chenye kuta za sponji, na blanketi jipya begani kama bingwa wa ndondi. Anasema yeye ndiye Mlango 17. Anasema "Dakika Nne" ni wake, aliutunga kutokana na hadithi alizosikia.

Fedha. Nyumba zenye geti na mbwa. Katika picha ile nilimwona kila mtu aliyewahi kuchukua kitu huku akaenda kukiuza kule juu, na ninawajua wengi, kwa majina.

"Baba, uliza kwanza," Ayuma akasema.

"Niulize nini? Ile maiki niliishika kwa mikono hii."

"Muulize Asenath tu. Mpigie."

"Asenath ni mpole. Atasema niache."

Nilisema hivyo. Nilijua angesema niache, na hiyo ndiyo sababu sikumpigia.

Aya kumi na nne, kwenye ukurasa wa wakazi, unaosomwa na watu elfu kumi na moja. Nilimtaja Asenath kwa majina yake yote mawili. Nilitaja ploti, ghorofa, mlango. Nilitaja siku ya ile maiki na soksi yake. Na kwa vile mtu wa Fedha angeweza kubisha, nikaweka ushahidi ambao hangeubisha: kwamba mwenye wimbo anafanya kazi kiwanda fulani, laini ya sita, na lile daftari la choo liko juu ya pipa la kijani upande wa kushoto wa mlango. Nilisoma mara tatu kuhakikisha hakuna kosa. Kisha nikabofya. Jioni nilikula ugali na matumbo nikaongeza. Watu waliandika, Faili hajawahi kukosea. Nilichapisha karatasi nikaibandika kibandani, kando ya bei za kuunga spika.

Alikuja siku ya nne, Jumatano saa nne asubuhi. Nilipomwona saa za kazi nilipaswa kujua. Badala yake nilimkaribisha kwa mikono miwili nikamwonyesha karatasi ukutani.

"Nimeiona," akasema. Hakuketi. "Wamenipa barua ya kujieleza. Wameichapisha hiyo yako, wameipiga stepla nyuma."

"Basi tupigane nao. Tuna ushahidi."

"Wao ndio wana ushahidi, Baba Ayuma. Umewapa wewe."

Niliongea mambo ya haki, ya katiba, ya chama cha wafanyakazi. Alingoja nimalize kama unavyongoja lori lipite.

"Na yule mwizi wa Fedha," nikasema.

"Thuo hakuiba. Sisi ndio tulimpa."

"Mlimpa nini?"

"Mlango. Kiwandani walikuwa wameanza kutuita mmoja mmoja, laini ya sita yote. Wanakuchezea wimbo, wanakutazama uso. Tukasema apatikane mtu wa kusema ni yeye. Mtu asiye na bosi. Thuo yuko kwa babake, nani atamfuta? Aliogopa kidogo, akakubali. Alijua atatukanwa. Na wakaacha kutuita, wiki tatu nzima." Akavuta pumzi. "Wewe peke yako umemwita mwizi mara ngapi?"

"Mara tisa," nikasema.

Akanitazama. "Hata hiyo umehesabu."

Mpita njia aliuliza bei ya adapta. Nilimwambia sina, na zilikuwa zinaning'inia mbele yake.

Alichotaka Asenath kilikuwa kidogo. Jumatatu saa nne anasikilizwa kiwandani, na ana ruhusa ya kuleta shahidi. Alitaka niende niseme nimeyatunga. Kwamba nilikuwa na hasira na mtu wa Fedha, nikatafuta jina lolote la mtu wa kwetu nimtupie, na lile daftari nilisimuliwa na mwanamke mwingine zamani.

"Niseme nilidanganya."

"Watu wote wanakujua una hasira. Wataamini." Kisha akasema, taratibu, "Mama ana kodi yake, na mimi yangu. Sina kazi nyingine, Baba Ayuma. Hiyo tu."

Nilikubali. Lazima niseme nilikubali haraka, na nusu ya haraka yenyewe ilikuwa ni kutaka aondoke. Jioni hiyo nilifuta zile aya na kuandika mpya, fupi: Niliyoandika kuhusu Mlango 17 si kweli. Nilidanganya kwa sababu ya hasira. Neno "nilidanganya" lilinichukua muda. Niliandika "nilichanganya" nikalifuta. Niliandika "sikuwa na uhakika" nikalifuta. Ayuma alikuwa anaosha vyombo, akaniambia bila kugeuka, "Liandike tu, baba, haliumi."

Liliuma. Kesho yake Muriuki wa buchari, ambaye amenisikia barazani tangu akiwa anakata nyama na babake, aliniuliza mbele ya wateja, "Kwa hiyo hata ile ya mtaro ulitunga?" Mwingine akasema Faili imeingia maji, wakacheka. Nilivumilia. Nataka kusema kweli hapa: nilianza kujipenda kwa kuvumilia kule. Nilijiona nimebeba mzigo. Nilifika Jumatatu nimevaa koti la harusi.

Tulikuwa sita chumbani. Meneja wa wafanyakazi, mama mpole anaitwa Teresiah, mwenye miwani ya kusomea. Supavaisa wa laini ya sita. Karani wa kuandika. Asenath, na mwakilishi wa chama, Ondiek, mtu mfupi aliyekuja na katiba ya chama imejaa vipande vya karatasi vya kuwekea alama. Nyuma ya ukuta mashine zilikuwa zinanguruma.

Nilifanya vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu inafanya yaliyofuata kuwa mabaya zaidi. Nilisema mimi ni mzee mwenye chuki na watu wa Fedha, na nikaeleza chuki yenyewe ilivyoanza, hilo halikuhitaji kutungwa. Nilisema huyu msichana namjua kama binti wa jirani, hajui hata kuimba, kwaya ilimweka nyuma. Asenath aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anaficha tabasamu. Nilisema habari za daftari nilizipata kwa mwanamke aliyefanya kazi hapa zamani, jina lake silikumbuki.

"Hulikumbuki," Teresiah akasema.

"Umri, madam."

Ondiek aliandika kitu kwenye daftari lake, akakipigia mstari, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona lango limeachwa wazi. Supavaisa alitazama dirishani. Teresiah akageuza karatasi zake kama anayemaliza.

"Basi nisome tu hii sehemu iingie kwenye rekodi," akasema, akasogeza miwani. "Hapa uliandika kwamba Asenath alikuletea maikrofoni uitengeneze, mwezi wa tatu, mwaka wa..."

"Wa nne," nikasema. "Tarehe nane. Jumamosi ya kabla ya Pasaka."

Karani aliacha kuandika, kisha akaandika.

Sikuona nilichofanya kwa wakati ule. Niliona kosa limesahihishwa, na nikahisi ile raha ndogo ninayoihisi kila mara, hapa chini ya kifua, ya kitu kilichorudi mahali pake. Ilikuwepo bado nilipomwona Ondiek akifunga daftari lake. Asenath hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake juu ya meza, vidole vyenye alama za sindano.

"Aliileta, kumbe," Teresiah akasema.

"Nimesema kulingana na nilivyotunga."

"Ndiyo, mzee."

"Nilitunga na tarehe."

"Nimekuelewa. Asante kwa kuja."

Mpaka leo sijui kama alikosea kusoma au alinitega. Kwa miezi kadhaa nilitamani uwe mtego, kwa sababu mtu anayetegwa ni mjinga tu. Lakini nimekumbuka uso wake mara nyingi, na uso wake ulishtuka. Nadhani mama wa watu alikosea mwezi. Nadhani alitaka kwenda kunywa chai, na faili ilikuwa inafungwa, na mimi ndiye niliyeifungua.

Tulingojeshwa kwenye benchi kando ya mlango. Ondiek alibaki ndani kubishana. Tulimsikia akitaja vifungu. Asenath alikuwa na mfuko wa plastiki wenye kikombe chake na ndara za kuvaa mashineni. Alikuwa ameshatoa vitu vyake kwenye kabati asubuhi, kabla hata ya kusikilizwa. Hakuwa mtu wa kujidanganya.

Ondiek alitoka na bahasha. Hakumpa mkononi, aliiweka juu ya ule mfuko. "Tutakata rufaa," akasema, lakini alinisemesha mimi, na si kwa heshima.

Tulitembea mpaka getini. Jua lilikuwa kali, na wanawake wa zamu ya pili walikuwa wanaingia, wengine wakimgusa Asenath bega wakipita, haraka haraka, wasionekane. Mmoja alikuwa amefumba mdomo, anaimba kile kiimbo, sijui kama alijua anaimba.

"Thuo atafanya nini sasa?" nikauliza. Swali la kijinga.

"Ameshafuta kila kitu. Chaneli tumeifunga jana. Wale wa nje wataendelea, wao hawana shida."

"Na wewe?"

"Mimi nimekuwa jina." Hakulisema kwa uchungu, alilisema kama mtu anayetaja namba yake ya simu. "Viwanda vya barabara hii vyote vimeshasoma. Nimetuma ombi kwa viwili tangu Alhamisi. Kimoja kilinijibu kwa kipande cha wimbo."

"Asenath. Imenitoka tu."

"Najua."

"Sikukusudia."

"Najua, Baba Ayuma." Alihamisha mfuko mkono mwingine. "Ungeacha tu iwe Machi."

Akapita geti. Nilitaka kumfuata, nimwambie nitaongea na mamake, nitatafuta wakili, nitaandika. Lakini askari wa getini aliniita, kijana mwenye adabu.

"Mzee, samahani, hujaweka saa ya kutoka."

Akanisogezea daftari la wageni. Ukurasa ulikuwa umejaa, na wote walionitangulia walikuwa wamekisia: saa tano, saa tano, saa tano na nusu. Nilikunja mkono wa koti nikatazama saa yangu. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa kamba, fupi, nikalazimika kuinama. Nikaandika saa tano na dakika arobaini na moja. Nilipoinua kichwa Asenath alikuwa ameshavuka barabara.